Droni Yangu Ilipovuka Mpaka

Wazazi wangu, shikamooni. Mnivumilie, nasoma kwenye karatasi. Nikiangalia macho ya watu, maneno yananikimbia.

Kazi yangu ni kurusha droni, kile kindege cha kamera, kwenye harusi za mtaani kwetu Bomani. Kibali ninacho. Siku moja ng'ombe wa baba waliibwa. Sisi Wakurya mnatujua: nyayo zikivuka mpaka, wafuataji nao wanavuka, maana ng'ambo kuna ukoo wetu. Nikaona droni nayo ni mfuataji tu, ila ina haraka. Nikairusha ng'ambo, nami nikaikimbilia.

Ikatua mbele ya askari wa Kenya.

"Wewe kijana, nani amekuruhusu kurusha hii kitu kwa anga yetu?"

Nikatoa kibali.

"Hii ni ya Tanzania. Ya huku iko wapi?"

"Afande, nafuata ng'ombe."

"Ng'ombe haihitaji leseni. Wewe unahitaji!"

Ndugu zangu, askari wakadhani mimi ni mpelelezi, wakaniweka ndani. Mama mmoja wa ukoo wetu wa ng'ambo, nisiyemjua, akasikia habari, akaja kunidhamini. Akanifokea Kikurya: "Ungekuja kwangu kwanza!" Mahakama ikanionya, droni wakabaki nayo, na ng'ombe wa baba wakapotea hivyo hivyo.

Nyumbani sikutulia. Nalala, naamka. Ndege za watalii zikipita, najificha jikoni kwa mama, mtu mzima mimi. Hata droni iliporudishwa, nikaifungia sandukuni. Vijana wakanitania, "Rubani, umeshushwa?" Mwalimu wetu wa kwaya ndiye aliyekaa nami, tukasoma sheria za kwetu na za jirani, neno kwa neno, mpaka nikarusha tena.

Majuzi ng'ombe wa mjane jirani yetu wakaibwa. Nyayo zikaelekea mpakani, droni iko juu, vijana nyuma yangu wanapiga kelele: "Pitisha! Wanakwenda!" Mjane ananitazama.

"Haipiti," nikasema.

"Mwoga wewe! Utatupotezea ng'ombe!"

"Naogopa, ndiyo. Lakini miguu tunayo."

Nikaishusha. Tukapita geti la mpakani la Sirari na wazee, tukaenda moja kwa moja kwa yule mama aliyenidhamini. Akawaita watu wake. Ndama mmoja hatukumpata. Wengine tulirudi nao.

Namshukuru yule mama, mwalimu, na mama yangu ambaye hakunifukuza jikoni. Ninalojua ni hili: ndugu yako akiwa nchi nyingine, anga yake bado ina mwenyewe. Omba kwanza.

Bado sijatulia kabisa. Kesho nina harusi Mugumu, kibali kimetoka. Nitarusha. Naombeni sasa nikae.