Bado Zamu ya Ofer: Maisha ya Mama Yetu Sidonia Haimovici

Mama yetu, marehemu Sidonia Haimovici, anazikwa asubuhi hii hapa Haifa kwa haraka kidogo, kwa kuwa jioni Hanuka, sikukuu yetu Wayahudi ya mishumaa ya siku nane, inaingia, na ndani ya sikukuu hiyo sisi hatusomi hotuba za msiba. Mwenyewe angeridhika. Hotuba ndefu zilimtia usingizi.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1944 mjini Botoşani, Romania, mtoto pekee wa seremala Herşcu Segal na mkewe Roza. Mwaka 1951 walihamia Haifa. Hanuka ya kwanza hapakuwa na kitu cha kuchezea, basi baba yake akakata mguu wa kiti kibovu, akauchonga ukawa pia ya kuzungusha yenye pande nne, kila upande na herufi ya kuamua mchezaji achukue lozi zote za bakulini, achukue nusu, asipate chochote au aongeze zake. Ilipinda kidogo, na familia nzima tumeizungusha hivyo hivyo mpaka leo.

Alisoma mtaani Hadar, akamaliza mwaka 1961. Walimu waliisifu hesabu yake na kuulalamikia mdomo wake. Mwaka uliofuata aliajiriwa kituo cha simu, kuwaunganisha wapigaji, na hakuiacha kazi hiyo mpaka mitambo ilipoanza kujiunganisha yenyewe. Hata nyumbani mtu akiomba chumvi alijibiwa, "Subiri, nakuunganisha."

Tarehe 14 Juni 1966 aliolewa na Iancu Haimovici, fundi wa fremu za picha, mtu mwema mwenye kichwa kigumu. Walijaliwa watoto wawili, Ofer na Nurit.

Nyumbani kwao mchezo wa Hanuka haukuisha. Mishumaa ya jioni ya mwisho ikizimika, lozi zilizobaki zilifunikwa ndani ya bakuli, na mwaka uliofuata wakaanzia pale walipoishia. Hanuka ya 1997, Ofer alikuwa amekomba bakuli mara tatu mfululizo. Zamu ilipomrudia, baba akamshika mkono.

"Weka hiyo. Umeichokora."

"Baba, mimi nikuibie lozi?"

Mama akaingilia. "Wewe Iancu! Pia imepinda tangu enzi za baba yangu. Hushangai unavyoshindwa miaka yote?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Baba alitamka neno ambalo halirudiwi hapa. Ofer akaiweka pia mezani, akachukua koti lake, na baada ya miezi miwili alikuwa Rosario, Argentina.

Mama hakugomba. Alilifunika bakuli kwa sahani, akalipandisha juu ya kabati. Kila Hanuka aliliteremsha, akabadilisha lozi zilizooza, akaliweka katikati ya meza. Tukinyoosha mkono alitupiga kikofi. "Bado zamu ya Ofer."

"Mke wangu," baba alisema mwaka mmoja, "anayekimbia mchezo ameshindwa."

"Hajakimbia. Ametoka nje kidogo."

Baba na mwanawe hawakusemezana miaka kumi na miwili. Mama aliumia, na aliyedhani ucheshi wake ulikuwa usahaulifu hakumjua. Mwaka 2009 baba alipougua mapafu, mama alipiga namba ya Rosario, akambandika simu sikioni. "Subiri, nakuunganisha."

Baba akakohoa kwa muda mrefu. "Ofer? Lozi zinaoza huku. Njoo ucheze."

Kwa baba huko kulikuwa kuomba radhi, na Ofer alimfahamu baba yake. Alifika jioni ya mshumaa wa nne, pamoja na mkewe Graciela na watoto wao. Hata koti hakuvua. Akaizungusha pia, ikayumba, ikalala upande wa kutopata chochote.

"Mnaona?" baba akasema, akijifuta macho. "Haina kasoro hata kidogo."

Mama alilia kwa sauti mbele ya maandazi ya jamu, kisha akaipokea ile pia, zamu ikaendelea. Baba alifariki Machi 2010, akiwa na mwanawe kando yake.

Moyo ulianza kumsumbua mama Septemba mwaka huu. Mchezo wa mwaka jana ulikuwa umekomea kwenye zamu yake, naye hakusahau. Wiki iliyopita alituita sote kitandani.

"Nisisikie mtu anasema bado zamu ya mama. Ofer alikuwa ametoka nje kidogo. Mimi natoka kabisa. Nirukeni."

"Mama, jamani," Ofer akasema.

"Jamani nini? Lozi zitaoza."

Alifariki jana, Jumamosi tarehe 13 Desemba 2025, saa sita mchana, mikono yake ikiwa ndani ya yetu.

Ameacha Ofer, na Nurit anayewasomea haya, mkwewe Graciela, wajukuu watano, na kitukuu mmoja, Alma, mwenye miaka sita, aliyekaa kushoto kwake mezani, upande zamu inakoendea, tangu aweze kukaa. Jioni hii sisi wanawe tutakuwa kwenye viti vya chini vya matanga. Wajukuu watawasha mshumaa wa kwanza na kuteremsha bakuli.

Mama yetu apumzike kwa amani. Tumemruka, kama alivyotaka. Alma, zungusha.