Ngome Mbili za Nikanor Zabelin

Ndugu waombolezaji, mimi Lavrenty, mdogo wa marehemu, nimeteuliwa kusoma haya kwa sababu shemeji yangu Rimma anasema hakuna aliyemfuatilia mumewe kwa karibu kama mimi, nami sikatai.

Nikanor Prokhorovich Zabelin alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 mjini Kostroma, akasoma shule ya mtaani kwetu, na mwaka 1947 akajiunga na kilabu cha sataranji cha Nyumba ya Mapainia, jumba la vijana la mjini, nami nikajiunga mwaka uliofuata, walimu wakaniita "mdogo wake Nikanor", jina ninalolitumia hadi asubuhi hii.

Mwaka 1960 aliajiriwa kama fundi katika kiwanda cha kitani, akawa anaruhusiwa kutoka mapema siku za mashindano. Mimi, niliyefanya kazi hapo hapo, nilipoomba vivyo hivyo, niliambiwa kitani hakijisokoti.

Tarehe 19 Novemba 1966, katika mchezo wa mwisho wa mashindano ya mkoa, tulikutana sisi wawili, mshindi apewe cheo cha Bingwa wa Michezo, na muda ulipokwisha kabla ya mchezo, ukaahirishwa hadi kesho, Nikanor akaandika mwendo wake unaofuata kwa siri, ukafungwa kwenye bahasha. Kesho yake bahasha ilipofunguliwa, ilisomeka kwamba ngome inakwenda mraba wa d1, bila kusema ngome ipi, na zote mbili zingeweza kufika hapo, kosa ambalo kwa kanuni ni kushindwa. Mwamuzi akanigeukia, "Ndugu Zabelin, wewe unasomaje?" Nikajibu, "Ya kushoto, hata kipofu anaona," mchezo ukaendelea, nikashindwa, nikabaki na cheo cha chini yake, Mtarajiwa wa Ubingwa, maisha yangu yote.

Cheti chake kilikuja baada ya miezi kumi na minne, kikisema ni bingwa wa mieleka, kikarudishwa, kilichosahihishwa kikaja mwaka uliofuata, hivyo kwa majira mawili ya baridi mtu wa kilo hamsini na nne alikuwa mwanamieleka kisheria.

Alimwoa Rimma tarehe 6 Julai 1968, wakajaliwa Zoya na Gleb, ambao hunitambulisha kwa wageni kama baba mdogo, yule ambaye hakupata.

Oktoba 2020 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa, na tarehe 9 Februari 2021 nilishindwa kujizuia, nikamwambia, "Kaka, ule ubingwa nilikupa mimi." Akacheka hadi muuguzi akaja. "Lavrik, mjinga wewe. Niliandika vile makusudi, ushinde." Alifariki tarehe 11, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

Nilimwonea wivu kwa cheo, lakini kwa hili namwonea zaidi, maana yeye angekufa nalo kimya, ni mimi niliyejisifu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika blini, chapati nyembamba za matanga, na wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza kushuka ghorofa nne. Pumzika kwa amani, kaka. Zamu ni yangu, nami sina haraka.