Moduli Moja Imetoka Folda Nyingine

Kijiwe chetu cha Mji Mpya kina benchi moja na mahakimu wengi, na asubuhi hii tulikuwa tunamhukumu Mwanahawa, karani wa mizani wa chama cha wakulima wa viungo. Wiki tatu sasa kompyuta yake inapunja karafuu za watu wa Kinole: gunia la kilo hamsini, risiti inatoka arobaini na sita. Uongozi umemwandikia barua ya kukiri kosa. Asaini kabla ya mkutano wa wakulima wa saa nne, ama kazi hana. Kaja na barua hiyo, na karatasi nyingine aliyoichapa mwenyewe. Utulivu wake uliniudhi.

— Saini dada, yaishe, alisema Kamanda wa bodaboda. Mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo methali inaingiaje hapa? nilimuuliza.

— Inaingia tu.

Mwanahawa akakunjua karatasi yake.

— Programu ikiwaka inaita vipande vyake, moduli. Nimeiamuru iandike kila moduli inayoiita, na inaitoa folda gani. Zote zinatoka folda ya chama. Ya kupima uzito peke yake inatoka folda ya Mansuri.

Muuza kahawa wetu akaacha kumimina.

— Virusi hivyo, Kamanda akawahi. Vinapanda basi Dar, vinashuka Mikese kula mahindi, vinaingia mjini vimeshiba.

— Virusi wapi, alisema Profesa, mwalimu mstaafu. Baridi ya Uluguru hiyo. Karafuu inasinyaa.

— Inasinyaa kilo nne kila gunia, mwalimu? aliuliza Mwanahawa.

— Basi setilaiti. Inavuta mizani juu.

— Kwa heshima yako mwalimu, setilaiti haitengenezi folda. Mimi sisaini. Nakwenda kuusoma mstari huu mbele ya wakulima. Wakinifukuza, wanifukuze umeshasikika.

Mwisho wa benchi alikuwepo mgeni, anakunywa zake kahawa.

— Samahani jamani, mimi wa Dumila, napita tu. Huyo Mansuri ni nani?

Kamanda akakumbuka kufuta pikipiki. Profesa akaomba kahawa, muuza kahawa akasema imekwisha, na birika lilikuwa linafuka mvuke mbele yetu. Mimi nikatazama viatu vyangu, na aibu ilinishika kwelikweli.

— Mpwa wa mwenyekiti wa chama, alijibu Mwanahawa, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara.

Akaondoka na karatasi yake. Barua aliiacha kwenye benchi, mahali pa saini pakiwa patupu, na kati yetu hakuna aliyethubutu kuigusa.