Kufuli wa Chumba Namba Nne Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi wetu wa kitengo cha kifua kikuu, ambaye kituo kizima cha afya kinamwita Kufuli, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kwa kweli ameshaondoka. Yuko kwenye likizo yake ya mwisho, na kwa wiki mbili sasa dirisha la chumba namba nne tunalifungua wenyewe kila asubuhi. Linakwama. Kwake halikuwa likikwama.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na sita na viatu vilivyompwaya. Siku hizo chumba chake kilikuwa na mlango wa peke yake upande wa barabarani, na juu yake maandishi mekundu yaliyotaja ugonjwa. Mgonjwa akiingia, mtaa mzima umeshajua. Kufuli alilisema jambo hilo kwenye kila kikao kwa miaka mitatu, mpaka mlango ukazibwa kwa matofali, maandishi yakapakwa rangi, na wagonjwa wake wakaanza kuingia kwa lango moja na watu wote, kisha kungojea kwenye mabenchi ya nje, penye upepo.

Jina lake alilipata kwa mama mkwe wake, aliyemchimba wiki nzima ili ajue ni jirani yupi anayechukua dawa kituoni. Siku ya saba bibi yule alikiri kwamba alichoambulia ni somo la kukohoa kwenye kiwiko. Wageni kazini walidhani Kufuli ana maringo, maana njiani hakuwa akimsalimia mgonjwa mpaka asalimiwe yeye kwanza. Hakutaka mtu aje kuulizwa, yule unamfahamia wapi.

Ila siri ilikuwa nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ilikuwa kuwaonya walio hatarini, na kuna wiki moja ambayo nusu hizo mbili ziligongana. Ni miaka tisa sasa. Mimi nilikuwa karani wa masjala, meza yangu inatazamana na mlango wake, na nasimulia kwa ruhusa ya wenye siri hiyo.

Kufuli alikuwa na rafiki yake tangu darasa la kwanza, mwalimu wa chekechea, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Kila Jumatano jioni walisukana nywele. Jumatatu ya wiki hiyo yalitoka majibu ya makohozi ya mume wa mwalimu, fundi redio. Alikuwa na kifua kikuu cha kuambukiza. Alianzishiwa dawa saa ileile, akaelezwa kwamba mkewe na mwanawe wa miaka minne lazima wapimwe. Fundi alimwomba asimwambie mkewe, akimwita shemeji. Kaka yake aliwahi kuugua ugonjwa huo, na watu wakaacha kukalia viti vya nyumbani kwao. Alihofia mkewe ataondolewa shuleni. Kufuli alimpa mpaka Alhamisi aseme mwenyewe, akamwambia alale chumba cha peke yake, madirisha wazi.

Jumatano mwalimu alikwenda nyumbani kwa Kufuli kusukwa kama kawaida, na mtoto. Mtoto alipanda mapajani kwa Kufuli, akakohoa. Mama yake akauliza kikohozi hicho ni cha nini, mbona hakiishi. Kufuli alimjibu tu kwamba amlete kituoni, waje wote, wasikawie. Asubuhi ya Alhamisi alimweleza daktari mkuu hayo mbele yangu.

Fundi alipofika kumeza dawa hakuwa amesema neno nyumbani. Kufuli alimketisha kwenye benchi la nje.

"Shemeji, saa nane mchana nitabisha hodi kwako," alimwambia. "Ukiwa umeshasema, nitakuja kupima tu. Kama hujasema, nitasema mimi, na wewe ukiwepo."

Fundi alimwambia mkewe saa nane kasorobo, kwenye mlango wa jikoni. Majibu ya mwalimu yalikuwa safi. Ya mtoto hayakuwa. Ugonjwa ulikuwa umewahiwa. Alitibiwa miezi sita akapona, na leo ni kijana anayecheza mpira kumpita kila mtu. Kwa kuwa alisoma darasani kwa mama yake, Kufuli alipima darasa lile, kisha shule zote tatu za chekechea za karibu pamoja na mtaa mzima, kwa barua isiyotaja jina la mtu, ili pasiwe na wa kunyooshewa kidole. Dereva wetu alilalamika kwamba gari la kituo limegeuzwa basi la wanafunzi. Hakuna mwingine aliyekutwa na ugonjwa, na mwalimu hakupoteza kazi.

Lakini wiki ya pili mwalimu aliitazama kadi ya dawa ya mumewe, akaona tarehe ya kwanza ni ya Jumatatu. Alikuja akasimama mlangoni pa chumba namba nne.

"Siku ile ulinisuka huku unajua?"

"Nilijua."

Mwalimu aliondoka. Kwa miaka tisa hakurudi kusukwa. Walisalimiana njiani kama watu wa mtaa mmoja, basi. Kufuli alikata nywele zake zikawa fupi, na Jumatano jioni alizoea kubaki kazini, akipanga mafaili ambayo yalikuwa yameshapangwa. Mara moja tu aliniambia kwamba mambo yale yakirudi atafanya vilevile, na kwamba kujua hivyo hakumpunguzii hamu ya kusikia hodi ya mtu yule.

Nilipoandika wasifu huu niliupeleka nyumbani kwa fundi na mkewe, maana bila ridhaa yao usingechapwa. Fundi aliusoma akasema sawa. Mwalimu aliusoma akiwa amesimama, akarudi mwanzo akausoma tena. Kisha akaazima kalamu yangu. Nilikuwa nimeandika "rafiki yake wa zamani". Alikata maneno mawili ya mwisho, akanirudishia karatasi, akauliza sherehe ya kuagana inaanza saa ngapi.

Kufuli, haya yote utayasoma kwa mara ya kwanza siku hiyo, pamoja nasi. Tunakushukuru kwa tuliyokuona ukiyafanya, na zaidi kwa tusiyoyajua na hatutayajua. Pumzika, jaza nyumba yako vicheko, uishi siku nyingi zenye afya. Kiti kilicho karibu nawe ukumbini tumekiacha wazi.