Bi. Arlys Tvedt na Bamba la Yadi Elfu

Bi. Arlys Tvedt, mtunza shabaha wa Klabu ya Crow Gulch, alistaafu Jumamosi tarehe 28 Septemba 2024, saa sita kamili mchana, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Hakuwahi kukosa kazini. Mwaka aliovunjika mguu alipanda mlima kwa mkongojo, kopo la rangi likining'inia shingoni.

Kwa wasiotufahamu: wanachama wetu huketi chini, mgongo kwenye jiwe na magoti juu, wakapiga kwa bastola vitu vilivyo mbali kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu angetumia bunduki. Waume na wake zetu wameshatueleza hilo vya kutosha. Bamba la mwisho, la chuma, liko yadi elfu moja, ng'ambo ya korongo. Lina ukubwa wa mlango wa zizi, lakini ukiwa umeketi unaweza kulificha kwa kichwa cha njiti ya kiberiti. Risasi huchukua karibu sekunde nne kufika, kwa hiyo unapata nafasi ya kujuta.

Kazi ya Bi. Arlys ilikuwa kutazama kwa darubini na kusema "Imepata" au "Imekosa". Akiona dalili ya kupata, aliendesha pikapu yake dakika ishirini kuzunguka korongo, akaigusa alama kwa kidole, akaipaka rangi nyeupe, ndipo akarudi kutangaza. Baada ya hapo lililobaki lilikuwa neno lake tu. Daktari wa meno mmoja aliwahi kubisha kwamba "amehisi" risasi yake imepata. "Hisia zako zimepita yadi nne kushoto," Arlys alimjibu, akaendelea na kahawa yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kulipiga bamba lile. Alisema mwamuzi hapigi shabaha yake.

Alikosea mara moja tu, na kosa hilo likaniangukia mimi, Orrin Stubbe, katibu wenu.

Ukumbini tuna Ubao wa Risasi ya Kwanza. Ijumaa, siku ya mazoezi, yeyote anaweza kulipata bamba baada ya risasi thelathini na matusi kadhaa. Ubao ni wa atakayelipata kwa risasi yake ya kwanza ya siku, Jumamosi, mbele ya watu. Haujawahi kuandikwa jina. Jumamosi moja ya Agosti 2009 nilipiga risasi yangu ya kwanza ya siku, na Arlys hakuona popote vumbi linalotimka risasi ikikosa bamba. Tukashangilia. Akaenda, akarudi, uso umemsawijika.

"Jana sikupaka," alisema. "Nimekuta alama tatu, na siwezi kuapa kwamba mojawapo ni yako. Haihesabiwi."

"Lakini vumbi hukuliona!"

"Sikuliona. Vumbi nisiloliona si alama, Orrin."

Angenyamaza, nani angejua? Badala yake alijianika mbele ya watu wote, na mimi nikanuna hadi Aprili. Mji wetu una mkahawa mmoja. Kumnunia mtu majira yote ya baridi katika mji kama huu kunahitaji ratiba. Baadaye tulisalimiana, lakini nilililalamikia jambo lile miaka kumi na mitano.

Basi mwaka huu mwenyekiti wetu, Lyle Brandvold, alipotangaza kwamba Arlys anaondoka, na kwamba asipopatikana mtu ambaye neno lake linaaminika mstari wa yadi elfu utafungwa, nilijitolea. Ukumbi mzima uliangua kicheko.

"Wewe?" alisema Lyle. "Si utajiandika ubaoni kabla kahawa haijapoa!"

Hakujitokeza mwingine. Nikapewa siku moja ya majaribio: hiyo hiyo Jumamosi ya kumuaga. Asubuhi nililipaka bamba lote, mara mbili. Saa sita, Arlys akiwa si mwamuzi tena, wanachama walimwomba apige risasi moja. Aliazima bastola yangu, akaketi, akavuta pumzi, akapiga. Watu sitini waligeukia korongo. Kwenye darubini niliona kivumbi kidogo chini ya bamba, kisha doa juu ya weupe.

Nilikwenda. Alama ilikuwepo, lakini haikuwa duara. Ilikuwa mchirizi mrefu uliopanda juu, umejaa mchanga. Risasi ilidunda ardhini kwanza, na iliyodunda haihesabiwi. Niseme wazi: nilitamani kudanganya. Mwanamke huyu alistahili ubao mzima. Nikaupaka mchirizi ule rangi, kama kanuni inavyotaka, nikarudi.

"Imekosa," nilisema. "Imedunda."

"Acha roho mbaya, Orrin!" Lyle alifoka. "Mama wa watu anastaafu leo!"

"Kinyongo hicho!" akapokea mwingine, mdomo umejaa keki.

Arlys alisimama, akajikung'uta suruali. "Mchirizi ulikuwa na urefu gani?"

"Kama kidole."

"Basi imedunda." Akavua darubini yake ya shingoni, akanivisha mimi. "Nilianza kudhani nitakwenda kaburini sijampata wa kumwachia hii. Lyle, mkatie keki mtunza shabaha wenu."

Lyle alinikatia. Kipande kilikuwa chembamba, lakini alikata.

Mstari wa yadi elfu uko wazi, na ubao bado mtupu. Arlys, asante kwa miaka thelathini na minne ya kutuambia ukweli tusioutaka. Nilikukasirikia bure, na ninasikitika. Pumzika, ulale hadi jua likuchome, uvue samaki wako. Na siku ukijisikia kujaribu tena, njoo tu. Bamba utalikuta limepakwa.