Profesa wa Mashuka

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani aongeze sauti kidogo. Leo tunamkumbuka msimamizi wa kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, mwanamke ambaye kazini walimwita Profesa. Ametutoka wiki hii. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Profesa hakuwahi kufundisha chuo chochote. Jina hilo alipewa kwa kejeli, na aliyempa ni wifi yake.

Wifi huyo ni dada wa mume wa marehemu. Ndiye mpiga pasi mkuu, na kiwanda kizima kinamwita Wifi, hata meneja. Tunaye hapa studioni, macho yamevimba lakini ulimi bado mzima.

"Mimi sikumwamini tangu alipoanza kutoka jioni," anasema. "Mke wa kaka yangu, kajipodoa, begi begani, eti anaenda chuoni kusomea uongozi. Uongozi gani unasomwa kwa manukato?"

Basi Wifi akamfuata. Akajibanza nyuma ya kibanda cha vocha mkabala na chuo, shingo ndefu. Akamwona anaingia darasani, anakaa kiti cha mbele, ananyoosha mkono kujibu swali. "Nilirudi nyumbani nimeudhika kuliko kama ningemkuta na mwanamume."

Chuo kilikuwa cha kweli. Lakini shaka haikuisha, ilihamia kazini tu.

Maana Profesa wa zamani, wasikilizaji, alikuwa mkali. Alikuwa akipita bila salamu, macho kwenye mikokoteni ya mashuka. Ghafla anaamkia watu mmoja mmoja. Anauliza, "Kazi yako inakuchosha wapi?" Watu wakatazamana. Mkaushaji akajibu, "Hainichoshi popote, bosi. Hata mkiongeza." Alidhani anayetaja uchovu ndiye wa kwanza kuondoshwa.

Kisha likaja la kufundishana. Kila mtu amfundishe mwenzake kazi yake. Mpiga pasi amfundishe mkunjaji, mkunjaji amfundishe mkaushaji. Profesa alisema ndivyo walivyofundishwa chuoni. Hakusema zaidi.

Wifi akawakusanya wenzake nyuma ya tangi la maji. "Jamani, fumbueni macho. Mkunjaji akiijua pasi, mimi nitakuwa wa nini? Wanataka kutupunguza. Huyu katumwa."

"Lakini si wifi yako?" mkunjaji akauliza.

"Ndiyo maana namjua."

Sasa sikieni alichofanya. Kwenye ile pasi kubwa ya rola, shuka hupitishwa likiwa na unyevu kidogo. Unyevu ndio unaonyoosha. Likipita kavu, mikunjo inabaki. Wifi analijua hilo kama anavyolijua jina la bintiye. Lakini siku ya kumfundisha mkunjaji alimwambia, "Subiri likauke kabisa, ndiyo upitishe." Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: alimfundisha mwenzake kosa, kwa makusudi, ili pasi isimtoke mikononi.

Mzigo ukaenda hotelini. Mzigo ukarudi, mashuka yamejikunja kama uso wa mtu aliyeamshwa mchana. Meneja akawaka. Anataka jina, na mwenye jina aondoke siku hiyo hiyo. Profesa akamuuliza mkunjaji alifundishwa nini, mkunjaji akaeleza yote. Profesa akamtazama Wifi, akaelekea ofisini.

Wifi akamfuata tena. Sikio liko mlangoni. Alijua leo kazi imeota mbawa.

"Kosa ni langu," akamsikia Profesa. "Niliwaambia wafundishane, sikuwaambia kwa nini. Mtu usipompa sababu, anajitungia yake."

"Mimi nataka jina," meneja akasema.

"Nimekupa. Langu."

Alipewa onyo kali. Na cheo alichokuwa akikisomea jioni zote zile akapewa mtu mwingine.

Mnadhani Wifi alilia? Thubutu. Alimsubiri getini, mikono kiunoni. "Haya, unataka nini kwangu? Hakuna mtu anayenisitiri bure."

"Binti yako alipojifungua," Profesa akasema, "uliniomba ruhusa ukamuuguze. Nikakunyima."

"Sijasahau."

"Hapakuwa na mwingine wa kushika pasi. Sasa nataka awepo."

"Na hilo ndilo la kuficha? Ungefungua mdomo tu, wifi yangu."

"Somo la kueleza sababu tulifundishwa. Ila jioni hiyo kulikuwa na mtu kajibanza nyuma ya kibanda cha vocha, nikawa namchungulia dirishani."

Kesho yake mkunjaji alifundishwa upya, mara hii kwa haki. Mjukuu wa pili alipozaliwa, Wifi akaenda, akakaa na bintiye mpaka akapata nguvu. "Ila kila siku nilipiga simu kuuliza nani amesimama kwenye pasi yangu," anasema. "Kuamini ni kazi, ndugu mtangazaji."

Juzi msibani meneja alikaa karibu naye, akamwomba ashike nafasi ya marehemu.

"Kwa nini mimi?" Wifi akamuuliza. "Nani kakataa?" Meneja akaanza kueleza, Wifi akamkatiza. "Usiniambie hapa. Njoo kiwandani, simama mbele ya wenzangu, uwaambie wao. Wakiniona tu nimekaa kwenye kiti cha wifi yangu, mpaka mchana watakuwa wameshajitungia yao."

Tunatoa pole kwa mume wa marehemu, kwa wanawe, na kwa madobi wote aliowaacha. Nawe uliye na watu chini yako, kesho ukiwapelekea jambo jipya, anza na sababu. Na wewe unayeulizwa kazi inakuchosha wapi, hebu jibu ukweli japo mara moja, uone itakuwaje.

Wifi ananibana hapa. Anataka kujua kwa nini tumemwita yeye na si kaka yake. Anahisi kuna jambo. Lipo, dada. Kaka yako tulimwita wa kwanza, akakataa. Alisema, "Mchukueni dada yangu. Mimi nilimpenda tu. Yeye ndiye aliyemchunguza."