Bi Rosine Hempel na Miaka Kumi na Tisa ya Mawingu

Leipzig, Jumanne, tarehe 30 Septemba 1890. Asubuhi ukungu; jua hafifu limetoka saa tatu.

Leo Bi Rosine Hempel anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya kuchonga picha za vitabu kwa miaka thelathini na minne. Kwa hesabu yangu, wapenzi mia mbili na kumi na mmoja wamefia mikononi mwake: waliokunywa sumu, waliojitupa mtoni, walioganda kwenye theluji mlangoni mwa baba mkaidi. Akimaliza kumzamisha msichana, alikuwa akifungua mkate wake wa soseji na kusema, “Maskini, angekula kwanza.”

Wageni wetu wajue kwamba kibao kikubwa cha mti kinachochongwa picha hukatwa vipande, kila mchongaji akapewa chake, kisha vikaunganishwa kwa ajili ya kuchapa. Wanaoanza huchonga mawingu na maji. Nyuso ni za fundi bora peke yake, na kuanzia mwaka 1862 fundi huyo alikuwa Bi Rosine. Watu walilia dukani wakitazama macho aliyoyachonga.

Halafu ikaja Jumanne, tarehe 14 Machi 1871. Shajara yangu inasema mvua ya mawe ilinyesha. Bi Rosine alikwenda kung’olewa jino. Kulikuwa na mchoro wa kunakiliwa kwenye kibao, wa kijana anayejichoma kisu juu ya kaburi la mchumba wake. Aliniambia nimsubiri. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilitaka kusifiwa, sikumsubiri. Nikanakili bila kuugeuza mchoro, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, kwa kuwa kinachochongwa kushoto huchapwa kulia.

Kibao kilikatwa vipande siku ileile. Yeye alipewa kipande cha uso tu, hakukiona kisu. Maonyesho ya vitabu yalikuwa karibu, na nakala elfu tatu zikatoka zikiwa na kijana aliyejichoma upande wa kulia, usio na moyo.

“Huyu kesho asubuhi anaamka anaomba kahawa!” mwenye kitabu alifoka, na mji mzima ukacheka.

Bwana Oertel, tajiri wetu wa wakati huo, hakuuliza. Kunakili ilikuwa kazi ya fundi wa nyuso. Alimhamishia Bi Rosine kwenye meza ya mawingu mbele yetu sote. Bi Rosine aliitazama karatasi ya kunakilia, akaujua mkono wangu, akanitazama. Mimi niliinama nikanoa patasi iliyokwisha kunolewa.

Amechonga mawingu kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 1876 kiti cha nyuso nilipewa mimi, na sifa zake nikazipokea.

Alhamisi iliyopita nilimweleza ukweli Bwana Nestler, tajiri wetu wa sasa. Akaniruhusu nimwachie Bi Rosine uso wa kibao kipya. Jumamosi nilimpelekea nyumbani kibao hicho pamoja na rasimu ya wasifu huu.

“Nilijua siku zote,” alisema. “Ningesema, ungefukuzwa. Kisha ukaanza kuzichonga nyuso vizuri, Frieda, na hapo ndipo nilipokasirika kweli.”

Akakisogeza kibao upande wangu. “Macho hayawezi tena. Umechelewa, binti.”

Rasimu aliisoma kwa lenzi, polepole. Nilikuwa nimeandika kwamba kosa la mwaka 1871 lilikuwa la karakana. Akachukua penseli, akalifuta neno hilo.

“Karakana ilishika penseli lini? Weka jina.”

Nimeliweka. Aliyenakili ni Frieda Wappler. Bi Rosine hakukosea.

Bi Rosine, karakana nzima inakushukuru. Nenda salama kwa dada yako Meissen, ule vizuri, ulale hadi jua litoke, na siku zako ziwe tulivu na ndefu. Mimi nakuomba radhi mbele ya watu walewale waliokuona ukihamishwa meza, na wale waliokuja baadaye wakadhani mawingu ndiyo uliyoyaweza.